Lori Lililofuturisha Bwejuu

Kikwajuni, Unguja
9 Oktoba 1970

Mume wangu Jecha,

Sisi huku hatujambo, watoto wanakula na mama yako ananigombeza, kwa hiyo ujue nyumba iko salama. Natumai karafuu za Wete hazijakumaliza pua, na kwamba mizani unayoisimamia haijakupiga mguuni tena.

Nimekaa kukuandikia kwa ajili ya lori. Lori lako linazeeka vibaya. Mdogo wangu Simai, anayelishika usukani, anasema likifika kile kilima cha baada ya Tunguu linaanza kuhema kama bibi aliyebeba kuni. Linapunguza mwendo, linapunguza, mpaka abiria wanashuka kwa huruma na kutembea kando yake wakipiga soga. Jumatano mwanamke mmoja alishuka, akanunua mihogo kwa mtu wa shamba, akavutana naye bei, akaipata anayoitaka, na bado akalikuta lori halijafika juu.

Nilicheka nilipoambiwa. Mdogo wangu hacheki. Unajua tumeshapeleka posa Bwejuu kwa Mzee Masoud, ya binti yake Mwatum. Mzee hajakubali wala hajakataa. Amesema atajibu Ramadhani ikimalizika, kwa sababu anataka kwanza kumtazama kijana. "Nataka nione gari lake linafika siku ile ile lililoondoka," ndivyo alivyosema. Na mwezi huu Simai amelala njiani mara mbili, mara ya pili na kuku wa watu.

Fundi Silima wa Darajani amekaa chini ya lori asubuhi nzima. Anasema ubaya uko kwenye sailensa, lile pipa la chuma la kwenye bomba la moshi, linalomeza kelele za injini. Anasema linaliziba lori pumzi. Tukilitoa na kuunga bomba tupu, lori litapanda kilima likiimba. Mimi naona tulitoe. Lakini lori ni lako, nami ni mke mwenye adabu, kwa hiyo nakuuliza.

Mkeo,
Shemsa


Wete, Pemba
16 Oktoba 1970

Bi Shemsa, mke wangu mwenye adabu,

Hapana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya wapima karafuu wenzangu, na wote wanasema hapana. Sailensa ni haya ya gari. Mtu akivuliwa haya anaweza kukimbia sana, ni kweli, lakini nani atafurahi kumwona anapita? Lori litapita msikitini likinguruma, litapita penye maiti likinguruma. Na hilo si baya zaidi. Gari lisilo na sailensa ukiondoa mguu kwenye mafuta ghafla hupiga mshindo kama bunduki. Ni miaka sita tu tangu Mapinduzi, Shemsa. Wako watu hapo hapo Kikwajuni ambao wakisikia mshindo huingia uvunguni kwanza, ndipo wakauliza kuna nini. Sitaki iwe ni lori langu linalowaingiza.

Mwambie Simai apunguze magunia, na awaambie abiria kuku wabaki nyumbani. Na huyo Fundi Silima namjua. Ukimpelekea baiskeli inayokwenda polepole atakwambia ubaya uko kwenye kengele.

Nakukumbuka kila nikikaa kula, maana wali wa hapa anaupika mwanamume na anaupika kwa hasira.

Mumeo,
Jecha


Kikwajuni
24 Oktoba 1970

Mume wangu,

Maneno yako nimeyapokea na kuyaweka moyoni. Haya ya gari! Nilimsomea Simai, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama Mzee Masoud atamsubiri.

Nina habari njema. Lori sasa linapanda kilima. Limeamka tu, alhamdulillahi, Mungu ana rehema zake. Juzi limekwenda Bwejuu na kurudi, na abiria hawakupata hata nafasi ya kushuka. Usiniulize sana kwa nini. Sailensa yako ipo, ni nzima, imefutwa vumbi, na imewekwa mahali pasipoingia mvua. Nakuhakikishia hakuna sailensa Unguja nzima inayolala pazuri kama hiyo.

Tuache sasa habari za magari. Ramadhani inaingia, tuandikiane mambo ya kheri.

Mkeo,
Shemsa


Bwejuu
8 Novemba 1970

Dada Shemsa, shikamoo,

Barua hii anakuletea Nahodha muuza pweza, anakuja mjini kwa gari la watu. Mimi siji kwanza. Betri ya lori imekufa, na mimi mwenyewe niko karibu.

Tangu siku ile tulipoitoa sailensa na kuificha uvunguni mwa kitanda chako, lori limekuwa simba, wewe mwenyewe umeliona. Mwatum ananisikia tangu niko Paje. Alimwambia shangazi yake, na shangazi yake akaniambia mimi, kwamba akisikia mngurumo anapata wasaa wa kupaka wanja kabla sijapita mlangoni kwao. Dada, nilikuwa na furaha kuliko sultani.

Sasa sikiliza. Huku jua huchomoza baharini na kila mtu analiona, kwa hiyo alfajiri haina ubishi. Lakini linazama nyuma ya minazi, na vuli hii kuna mawingu, hakuna anayeliona likizama. Watu wanasema tu kwamba mwaka huu kiza kinaingia mapema. Kufuturu kwao wanafuata saa ya ukutani ya Mzee Masoud, aliyoachiwa na baba yake. Wakati ukifika anatia kabaidi, yale mawe yanayotoa gesi yakilowa, na maji kidogo kwenye bomba la chuma pale nje kwake, anawasha kibiriti, buu! Huo ndio mzinga wa kijiji. Hata muadhini humsubiri yeye.

Jana abiria wote niliwashusha Paje, nikaja peke yangu na magunia ya mchele. Nilipofika kona ya msikiti nikaondoa mguu kwenye mafuta, nisiwasumbue watu kwa kelele. Niliachia kwa adabu, dada! Lori likapiga mshindo ambao sijapata kuusikia maishani mwangu.

"Mzinga!" Nikasikia nyumba hii, nikasikia nyumba ile, "Mzinga! Mzinga!" Nilipozima injini kijiji kizima kilikuwa na uji mdomoni. Imamu alikuwa kwenye tende ya pili. Mara Mzee Masoud akatoka mbio na kibiriti mkononi, kofia imekaa upande, anapiga kelele, "Bado! Jamani bado! Dakika tano bado!" Hakuna aliyemjibu, midomo imejaa. Zile dakika zake zilipotimia alipiga mzinga wake kama kawaida, peke yake, na hakuna hata mtoto aliyegeuka.

Leo imamu ametangaza kwamba kijiji kizima kitalipa saumu ya siku moja baada ya Idi. Watoto wananiita Futari. Na posa imerudi, dada. Mzee amenirejeshea leso ile ile tuliyofungia posa, na barua yetu ndani yake. Amesema, "Mtu asiyeweza kutuliza gari lake ataituliza vipi nyumba?" Mwatum amejifungia chumbani.

Kuna jambo jengine, lakini hilo siliandiki. Nitakwambia kwa mdomo.

Mdogo wako,
Simai


Wete
13 Novemba 1970

Bi Shemsa,

Huku leo hatukufanya kazi. Kimekuja kisa na meli ya jana, nawe bila shaka umekisikia kabla yetu. Kuna lori huko Bwejuu limepiga mshindo jioni ya Ramadhani likafuturisha kijiji kizima, na imamu wao! Wenzangu wamecheka mpaka mizani ikayumba na gunia la watu likaongezeka uzito.

Unaona sasa? Si nilikwambia? Huyo ni mtu aliyetoa sailensa, hakuna jengine. Mwambie Simai, kwa kuwa yeye ndiye anayekwenda njia hiyo, amtafute huyo dereva amkanye. Na mwenye lori ni mpumbavu. Na kama ana mke, basi ni mke asiyemshauri mumewe.

Nijibu upesi. Nimewaahidi wenzangu jina la mwenye lori.

Mumeo,
Jecha


Kikwajuni
17 Novemba 1970

Mume wangu mpenzi,

Kaa kitako kwanza. Umekaa?

Mwenye lori si mpumbavu. Ni mtu mwema, mpole, mwenye mizani huko Wete. Na mkewe alimshauri sana, ila mke huyo mwenyewe aliposhauriwa hakushaurika. Sailensa yako iko uvunguni, upande unaolala wewe, imefunikwa kanga yangu kongwe. Haya, nshasema. Ukitaka kugomba, gomba sasa, kisha usome yaliyobaki, maana yaliyobaki si ya kuchekesha.

Posa ya Simai imerejeshwa. Amerudi juzi, hali chakula, anatazama sahani kama inamdai. Nikamkalisha nikamwambia aseme lile jambo alilokataa kuliandika, na amelisema. Siku ile alipokuwa akishusha abiria Paje, adhana ya magharibi ililia pale pale. Alifungua kwa tende na maji pamoja na abiria wake, ndipo akalitia lori moto kwenda Bwejuu.

Umeelewa, Jecha? Lori lilipopiga mshindo, magharibi ilikuwa imeshaingia. Hakuna aliyekula mchana. Iliyokosea ni saa ya Mzee Masoud. Goti lilimshika mwaka jana, tangu hapo hajaja mjini kuilinganisha, nayo inabaki nyuma kidogo kidogo, na kijiji kizima kinakaa na njaa kikiisubiri. Kile kiza cha mapema wanachokisema si cha mapema hata kidogo.

Nikamwambia, "Basi si useme, mwanangu! Sema uoe!"

Akanijibu, "Nseme nini, dada? Nsimame msikitini nimwambie mzee wa watu kuwa amewashindisha na njaa tangu Ramadhani iliyopita? Anaupenda mzinga ule kuliko macho yake. Bora nikose mke kuliko kumvunjia heshima baba yake Mwatum."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu. Nampenda sana mdogo wangu huyu, Jecha, nami ndiye niliyemwingiza katika haya kwa kichwa changu kigumu. Niambie la kufanya. Safari hii nitakusikiliza, wallahi.

Mkeo,
Shemsa


Wete
21 Novemba 1970

Shemsa,

Nilikaa. Nikasimama. Nikakaa tena.

Wenzangu nimewaambia, kwa sababu niliwaahidi jina. Sasa wananiita Mwenye Lori, na mpishi ameniuliza kama nnataka futari ya kwa saa au ya kwa mshindo. Habari ya uvungu wangu tutaizungumza nikirudi, na kanga kongwe haitakusaidia.

Ama Simai, mwambie shemegi yake anamheshimu. Sikujua kama kijana yule ana moyo huo. Lakini hawezi kuachwa akae nao peke yake, na watu wa Bwejuu hawawezi kuachwa walipe siku wasiyodaiwa. Lazima mzee ajue. Ila asiambiwe na mtu. Aambiwe na saa.

Nakutumia saa yangu ya mfukoni kwa mkono wa Shamsi, karani mwenzetu anayekuja huko. Nimeilinganisha na redio asubuhi hii na haijapata kunidanganya. Baba wa binti hupewa kilemba, sivyo? Basi kilemba chetu kinatangulia posa, na badala ya kitambaa ni saa. Mpelekee wewe mwenyewe, ufike kabla ya magharibi. Sema umekuja kuomba radhi kwa ajili ya lori. Umkabidhi, kisha ukae kimya. Najua hapo ndipo penye kazi. Kimya, Shemsa.

Mumeo,
Jecha


Kikwajuni
26 Novemba 1970

Jecha, mume wangu, mwenye akili zako,

Kalamu inaruka kwa furaha, usitazame mwandiko.

Nilifika Bwejuu jana alasiri. Mzee Masoud alinipokea kwa adabu, lakini adabu baridi. Nikaomba radhi ya lori, nikampa saa. Akaitia sikioni akaisikiliza, akasema asante, akaitundika kwenye msumari chini ya saa yake ya ukutani. Mimi nikakaa barazani na Mwatum, aliyekuwa akikuna nazi bila kuinua uso. Mlango ulikuwa wazi, nikawa namwona mzee. Na nilikaa kimya, Jecha. Mwatum alidhani naumwa.

Saa yako ikafika magharibi. Ya ukutani ikasema bado sana. Mzee akazitazama. Akaigonga yako kwa kidole, akaigonga na yake. Akatoka nje akatazama mbingu juu ya minazi, akarudi ndani, akazitazama tena. Kisha akanigeukia.

"Bi Shemsa, siku ile, Simai alikuwa keshafuturu?"

Uliniambia ninyamaze, lakini mtu mzima akiuliza hujibiwa.

"Alifungua Paje. Baada ya adhana."

"Kwa hivyo alijua."

"Alijua."

"Na kijiji kizima kinamtukana, na posa yake nimemrudishia, hakusema."

"Hakusema, mzee."

Akakaa juu ya kiti, mikono magotini. Nilidhani tumemuumiza. Mwatum aliacha kukuna. Kisha mzee akainuka, akachukua kibiriti, akatoka na goti lake hilo bovu, akapiga mzinga. Buu!

Watu wakajaa nje. "Masoud, bado! Leo hatudanganyiki!" Muadhini akatoka na birika la udhu mkononi. Mzee akasimama penye ngazi ya baraza yake, akasema kwa sauti ambayo hata walioko nyuma waliisikia:

"Fungueni. Magharibi imeingia. Na siku ile ya lori pia ilikuwa imeingia. Saa yangu ndiyo iliyobaki nyuma, nami nimekuwa nikikuwekeni na njaa bila kujua. Hakuna siku ya kulipa. Nisameheni."

Muadhini alitazama birika lake. Ndipo jirani yake Bi Biasha, bibi asiyemwogopa mtu, akasema, "Masoud! Ramadhani iliyopita uji wangu ukipoa kila siku, nikamlaumu mkaza mwanangu!"

Jecha, kijiji kizima kiliangua kicheko. Imamu alicheka, mzee mwenyewe alicheka mpaka akashika nguzo. Mkaza mwana wa Bi Biasha alicheka kuliko wote.

"Yuko wapi kijana?" mzee akauliza. Kijana alikuwa amejificha nyuma ya lori, maana ndiye aliyenileta na hakuthubutu kusogea. Wakamvuta. Mzee akamshika bega mbele ya watu wote waliomwita Futari.

"Umenisitiri," akamwambia. "Lori lako halina sailensa, lakini wewe unayo. Iko wapi ile leso?"

Leso ilikuwa mfukoni mwake. Siku zote hizo alikuwa akitembea nayo. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, na ndani, alikokimbilia Mwatum watu walipojaa, nikasikia mbuzi ya nazi inaanguka. Nililia, sisemi uongo, nililia na kaimati mkononi.

Nikaha ni Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Mzee ametoa sharti moja tu, sailensa irudishwe, kwani kijiji kinatoshwa na mzinga mmoja. Leo asubuhi nimeitoa uvunguni nikampelekea Fundi Silima. Alipoipasua ilikuwa imejaa masizi yaliyoganda, hata kidole hakipiti. Ameichoma moto, ameigonga, ameiunga, ameifunga. Lori limekwenda Tunguu na mzigo kamili, limepanda kilima kimya kimya. Kwa hiyo wewe ulikuwa na haki, mimi nilikuwa na haki, na Silima alikuwa na haki nusu, nayo anataka alipwe nzima.

Mtu mmoja tu hakufurahi. Shangazi yake Mwatum ameleta ujumbe kwamba bibi harusi anauliza, sasa atajuaje kama Simai anakuja?

Njoo nyumbani. Upande wako wa kitanda uko wazi, juu na chini.

Mkeo,
Shemsa


Wete
28 Novemba 1970

Shemsa wangu,

Barua yako nimeisoma kwa sauti. Wapima karafuu wamepiga makofi, na mpishi amelia, akatupikia wali wa kwanza mzuri tangu nije hapa.

Nakuja na meli ya Idi pili. Njooni na lori bandarini, wewe na watoto na mama. Nitakuwa nimesimama juu nasikiliza. Nisiposikia kitu nitajua mke wangu hatimaye amenisikiliza, na nitaogopa kidogo kwamba nimeteremka mji wa watu.

Saa yangu mwambie Mzee Masoud aitumie kwa kheri, lakini ile ya baba yake asiitupe. Aitie ufunguo na kuilinganisha kila asubuhi kwa hii yangu.

Na mwambie Simai, kwa amri ya mwenye lori, siku ile ya nikaha peke yake, akifika Paje asimame. Achukue spana, ateremke, aitoe sailensa, aiweke juu ya kiti karibu yake, kisha alitie lori moto na kukanyaga mafuta mpaka Bwejuu. Mtoto wa watu apate wasaa wa kupaka wanja.

Mumeo,
Jecha